Shimo la Suzanne Mwila

Mvua kubwa za mwaka 1951 zilipopungua, Suzanne Mwila aliitwa mwizi kwenye chemchemi alikoteka maji tangu utotoni.

Aliyemwita hivyo ni Jeannine, mke wa kapita, yaani msimamizi, wa kambi ya reli ya Kamina. Alikuwa amelowesha mihogo katika dimbwi lililo ndani ya shimo la mawe, nyuma ya kambi. Kikapu kilipotea. Sasa kitambaa cha buluu alichokifunga kikapuni kiwe alama kinaelea huku chemchemini, ng'ambo ya kilima, na maji yananuka mihogo iliyovunda.

"Mwizi weye! Kitambaa yangu iko inafanya nini huku?"

"Uliza mvua," Suzanne alijibu. "Maji inaingia kule mu mawe, inatokea hapa. Bankambo, bazee ba zamani, balitukataza hata kutema mate mule. Benye kuya na train, hamuulizake muntu."

Jeannine alikaza macho kwenye kitambaa, akakiokota, akaondoka.

Zamani makatazo ya namna ile yalitosha. Siku hizi wenye vyeti wanachimba vyoo juu ya miamba yenye nyufa, kisha watoto wakiharisha wanamsingizia Mungu.

Mwezi uliofuata ilitoka amri: mapipa ya vyoo vya kambi yamwagwe katika shimo lile, maana halijai kamwe. Mkokoteni wa kwanza ulipofika, Suzanne alikuwa amekwisha kuteremka shimoni. Alikaa juu ya jiwe chini kabisa, miguu ameinyoosha kama anayemenya karanga.

Kapita Gaston alichungulia. "Mama, toka mule. Amri ya muzungu."

"Mwanga tu mapipa yako."

"Lakini iko mavi, mama!"

"Najua. Bibi yako Jeannine anatekaka maji wapi?"

Waliosukuma mkokoteni wakaangua kicheko. Gaston akatishia kuita polisi.

"Baite! Bakuye na vikopo vya kunywa maji."

Ndipo Jeannine akatokea, kitambaa cha buluu kichwani. Alimpita mumewe bila salamu, akateremka, akaketi kando ya Suzanne.

"Anza na minyi, bibi yako, Gaston. Na mangaribi, utapikiwa na mapipa."

Mkokoteni uligeuzwa. Mapipa yakaenda kufukiwa kwenye udongo mwekundu, mbali upande wa pili wa reli, na Gaston akavuliwa ukapita. Suzanne hakumwomba mtu radhi.

Kesho yake alirudi shimoni. Safari hii alikuja na mkeka wa kukalia, endapo mkokoteni mwingine ungekuja.