Gari Lisilotobolewa

Mimi Colombe nauza kabichi, na muuza kabichi huwajua madereva kuliko wake zao wanavyowajua. Najua yupi hulewa kabla ya kupakia, na yupi husimama njiani kuchekacheka na wasichana huku mboga zangu zinanyauka. Lucien nilimjua tangu akiwa na miguu miwili. Aliendesha lori la shamba moja la miti ya kinini, ile dawa ya malaria, upande wa Katana, na akinikuta barabarani na mzigo kichwani alipiga honi mara moja tu, kwa adabu, kisha akapunguza mwendo nisirushiwe matope. Alikuwa mtu mkimya mwenye kiburi kidogo cha kazi yake. Kiburi cha namna hiyo mimi nakipenda.

Kisha gogo likabingirika kutoka kwenye lori wakati wa kupakua, likamponda mguu wa kushoto. Hospitali ya Katana walijitahidi, lakini mwishowe ilibidi wamkate juu ya goti ndipo apone. Shambani walimpa malipo ya ajali wakamuaga, kwa sababu mguu wa kushoto ndio unaokanyaga ambreyaji, na bila ambreyaji hakuna kubadilisha gia. Akahamia Bukavu, Kadutu, nyumbani kwa kaka yake Léopold ambaye ni katekista. Akawa anatembea kwa magongo na kushona viatu barazani. Alishona vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini kila gari lilipopanda kilima aliinua kichwa na kusikiliza, na dereva akikosea gia, Lucien alikunja uso kana kwamba amekanyagwa yeye.

Mwaka 1956 uvumilivu ukamwisha. Akaenda kwa muzee Abedi, Mwislamu wa Uvira ambaye babu zake walitoka pwani na bidhaa zao. Abedi alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko la Kadutu, na nyuma ya duka alikuwa na kamionete ya kijani, gari dogo la mizigo lililokosa dereva. Alimwambia Lucien achague: ainunue kabisa, au aikodi na kuleta kodi kila Jumamosi, na siku itakayomshinda airudishe. Malipo ya ajali Lucien alikuwa hajayagusa, yangetosha karibu bei yote. Akachagua kukodi.

Léopold alifurahi sana. "Ndiyo vizuri," alimwambia mbele yangu. "Ile franga ya muguu tutajengea nyumba ya matofali. Motokari ya kulipia, ikikushinda unairudisha. Lakini ukiinunua na ikushinde, utabakia na muguu moja na chuma ya bure."

Nami niliona ana busara. Mtu aliyekatwa mguu, nani angemlaumu kwa kutaka njia ya kurudi nyuma?

Ilibaki kuufundisha mkono wa kushoto kazi ya mguu. Camille, mchomeleaji wa mtaani kwetu, alimtengenezea fimbo ya chuma ya kusimama kando ya usukani. Ukiisukuma mbele, inaibonyeza pedali ya ambreyaji chini. Kitu cha akili kabisa. Lakini fimbo kama hiyo lazima ikazwe mahali pasipotikisika, kwa hiyo Camille alitaka kutoboa sakafu ya gari matundu mawili apitishe boliti nene.

Lucien akakataa. "Hii motokari si yangu. Hatutaitoboa."

"Sasa nitaikaza wapi? Mu hewa?"

"Ifunge ku kiti."

"Kiti si mahali ya kufunga kitu ya nguvu, papa Lucien."

"Nimesema uifunge ku kiti."

Camille akaifunga kwenye chuma cha kiti kwa vibano na mipira ya tairi kuukuu, akinung'unika muda wote. Mimi sikuona ajabu. Ningekuwa Lucien, ningesema vilevile.

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Wenzangu wauza mboga walicheka kumwona Lucien akisukuma fimbo kwa mkono wa kushoto, akivuta gia kwa wa kulia, na usukani ameukumbatia kwa kifua kama mama mwenye mtoto mgonjwa. Waliacha kucheka walipoona kabichi zao zinafika sokoni kabla ya za wengine. Tulipakia Katana, tukashusha sehemu kwenye majiko ya Wazungu kule Nguba na Nyalukemba, zilizobaki tukazipandisha Kadutu. Uso wa Lucien ulibadilika. Akaanza hata kunitania, ati kabichi zangu zina kelele kuliko injini.

Ila kila Jumapili baada ya misa alikuwa akikaza tena vile vibano, na kila mara alivikuta vimelegea.

Siku ya siku, mvua ilikuwa imenyesha na kilima cha Kadutu kilikuwa kama kimepakwa sabuni. Mimi nilikaa mbele, karibu na dereva, na wanawake wawili walikuwa nyuma juu ya magunia. Katikati ya kilima Lucien akasukuma fimbo ashushe gia. Kibano kikateleza. Fimbo nzima ikaanguka mapajani pake, pedali ikaruka juu, injini ikazima, na gari likaanza kurudi nyuma.

Lucien hakupiga kelele. Alivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, akazungusha usukani, na gurudumu la nyuma likatumbukia kwenye mfereji wa kando ya njia. Tukasimama. Hakuna aliyeumia, isipokuwa mimi niliyejigonga kiwiko. Kabichi, loo, kabichi zilishuka kilima zote, na watu wa chini walizipokea bila kuuliza ni za nani.

Nilishuka nikamtukana. Nilimwambia akashone viatu aache kuua watu. Alibaki ameketi, ameishika ile fimbo mapajani. Kisha hasira ikanitoka, nikaanza kulia barabarani kama mtoto. Niliogopa, ndivyo ilivyokuwa.

Muzee Abedi akateremka kutoka sokoni, kanzu ameikunja isiguse matope. Alitazama gari kwanza, kisha akainama ndani, akaviona vibano na mipira ya tairi.

"Bwana Lucien," akasema, "kwa nini haukukaza hii kitu chini na boliti?"

"Ingeomba kutoboa, muzee."

"Basi ungetoboa. Nani alikukataza?"

Lucien akaiweka fimbo kwenye kiti cha pembeni.

"Mimi nilikukataza?" Abedi akauliza. "Siku gani? Haukuniuliza hata siku moja. Kuuliza si ujinga, bwana. Unaona ni vizuri nizike batu kwa sababu ya tundu mbili?"

Msiozaliwa kwetu Bushi hamtaelewa, kwa hiyo nieleze. Kwetu shamba lina njia mbili. Kuna shamba la bwasa, la kukodi kwa msimu: unalipa, unalima maharagwe au mtama, unavuna, unaondoka. Kwenye bwasa hupandi mgomba, kamwe, kwa sababu mgomba hukaa miaka na miaka, na anayepanda mgomba anasema ardhi ni yake. Ukiupanda, mwenye shamba atakufukuza na kijiji kizima kitamuunga mkono. Ukitaka migomba, utafute shamba la kalinzi: unampa mwenye ardhi ng'ombe mbele ya mashahidi, na shamba linakuwa lako na la watoto wako. Jambo hili tumelinyonya kwa maziwa ya mama. Lucien alikodi gari, na moyoni mwake gari la kukodi lilikuwa bwasa. Matundu mawili kwenye sakafu yalikuwa migomba. Asingeuliza, kama vile mtu asivyouliza kama anaruhusiwa kulala kwenye kitanda cha mkwewe.

Nilimweleza Abedi hayo huku tukisukuma gari kutoka mferejini. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mimi niko mutu wa duka, mama Colombe. Bwasa, kalinzi, sijui. Atoboe tu, aendelee kulipa kama zamani. Siku atachoka, nitaziba matundu na nitamupa dereva mwingine. Si kitu."

Alisema kwa wema, na Lucien alishukuru. Léopold aliposikia alisema Mungu amefungua njia: gari litatobolewa, fimbo itakazwa, kodi ileile, na franga ya nyumba iko salama. Nani angetaka zaidi ya hapo?

Lakini kesho yake asubuhi nilimkuta Lucien barazani, sindano ya viatu mkononi, hashoni chochote.

"Maman Colombe," akaniambia, "ile jambo ya bwasa ni ya kweli. Lakini haiko yote."

"Ingine ni nini?"

"Sikumuuliza, sababu niliogopa ataitika ndiyo."

Sikumwelewa, akaona.

"Angekataa, ingekuwa vizuri kwangu. Motokari ikinishinda, ningesema: ni vile hawakuniachia kutoboa. Kosa si yangu. Nilitafuta nafasi ya kukimbilia. Na ile nafasi karibu iwauwe." Akaiweka sindano chini. "Jana muzee amesema siku nitachoka. Ameisha kuiona, ile siku. Kaka naye ameiona. Mimi pia nilikuwa naiona kila siku ya Mungu. Kama iko vile, sitaendesha hata mwaka moja."

"Sasa utafanya je?"

"Nitainunua."

Nilimwambia akumbuke nyumba ya matofali. Alisema nyumba haimpeleki Katana. Nikamkumbusha kilima. Alisema kilima anakijua. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nikaona sina la kuongeza.

Léopold ndiye aliyekuwa na la kuongeza, tena mengi. "Uko na kichwa nguvu," alimwambia. "Batu ya miguu mibili wanaogopa kununua motokari, wewe wa moja unaifanya."

"Ya mibili wanaweza kutumika kazi ya kila aina, kaka," Lucien akajibu taratibu. "Mimi niko na hii moja."

Malipo ya ajali yalipungua kidogo kufikia bei ya Abedi. Lucien alikuwa na mtamba mmoja aliyelishwa kwa mjomba wake kule Kabare. Abedi alimwambia amuuze kwanza alete franga. Lucien akakataa katakata. Alitaka kumleta ng'ombe mwenyewe, kwa miguu yake minne, mbele ya mashahidi, kama inavyopasa.

Basi siku ya Jumamosi mtamba akaingia Kadutu, akafungwa kwenye nguzo ya duka la vitambaa. Kwetu mashahidi hunywa kasiksi, pombe ya ndizi, lakini kwa Mwislamu tulikunywa chai ya tangawizi, na Camille alilalamika kwamba shahidi aliyekunywa chai husahau upesi. Mtamba alikula ncha ya kitambaa chekundu kilichoning'inia mlangoni. Abedi alimtazama kwa huzuni.

"Na sasa huyu nitamuweka wapi? Kati ya kanga na vitenge?"

"Iddi iko karibu, muzee," nikamwambia, na hata Léopold, aliyekuja amenuna, akacheka.

Abedi akampa Lucien ufunguo na karatasi za gari. Kisha tukazunguka nyuma ya duka, ambako Camille alikuwa ameshaandaa boliti na keekee ya kutobolea. Alikuwa amechora kwa chaki alama mbili kwenye sakafu ya kamionete.

Abedi alimshika Lucien bega. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara mzuri hawezi kuona kitu kinaharibiwa bei akanyamaza. "Nikuambie ya mwisho, kama mutoto wangu. Sasa hivi hii motokari, kesho ikikushinda, utapata mutu wa kuinunua. Ukiisha kuitoboa na kuweka ile fimbo, hakuna mutu ataitaka tena. Utabakia nayo."

"Ndiyo ile natafuta, muzee," Lucien akasema.

Hakumpa Camille nafasi. Aliweka magongo chini, akajivuta ndani ya gari kwa mikono, akaketi sakafuni, akaisimamisha keekee juu ya alama ya kwanza na kuikandamiza kwa kifua. Akaanza kuzungusha. Chuma kilikuwa kigumu, kikapiga kelele hata mtamba akavuta kamba. Jasho likamtoka Lucien puani, na hakuna aliyethubutu kusema amsaidie. Mara keekee ikazama ghafla. Akaichomoa, na chini kupitia tundu tukaiona ardhi nyekundu ya uwanja wa Abedi.

Léopold alijikuna kidevu. "Sasa imekwisha," akasema polepole.

Lucien akapuliza vumbi la chuma, akasogeza paja lake fupi apate nafasi, akatoboa la pili.