Milioni na Moja Langoni kwa Wakwe

Aibu nyingine mtu huificha, lakini yangu ilishuhudiwa na ukoo mzima wa wakwe, kwa hivyo wacha niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa jirani ikiwa imeongezwa chumvi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Nakuru, na hesabu naijua (bado naijua, msicheke). Siku ya kwenda Mau Narok kwa kina Wambui kuomba kumwoa, nilijua kina mama watafunga lango, kama ilivyo desturi, mpaka tuimbe na kubembeleza, na kwa kuwa sauti yangu mnaijua, nikaamua badala ya wimbo nitawapa namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, nikachagua 1,000,001, nikaijaribu kwa kila tasa iliyo chini ya mia, zote zikagoma, nikaona imetosha, nikaichapisha kwenye fulana za msafara mzima, hadi ya baba.

Langoni nikajipiga kifua. "Mama zetu, mimi na Wambui ni kama hii namba. Akitokea wa kuigawanya, nageuza gari narudi Nakuru bila bibi!"

Shangazi yake, mwalimu mstaafu aliyekuwa bado na gambuti za shamba la viazi miguuni, akaisoma fulana yangu polepole.

"Umejaribu mia moja na moja?"

Sikuwa nimejaribu. Na ndiyo tasa inayofuata pale nilipoachia!

"Inaingia mara elfu tisa mia tisa na moja," akasema. "Haya mwalimu, geuza gari."

Kina mama wakaangua kicheko, kufuli likabanwa, na baba akaniuliza, "Kwa hivyo umenivalisha uongo kifuani, mzee mzima?" Nikaomba msamaha mpaka shangazi akalegea kidogo. "Basi tupe tasa inayozidi milioni. Ithibitishe hapo hapo. Simu mfukoni."

Nikasema 1,000,003. Kuithibitisha lazima uijaribu kwa kila tasa iliyo chini ya elfu moja, nazo ni mia moja sitini na nane, kwa hivyo nikawagawia wageni wote kazi, wakagawanya kwenye karatasi juu ya boneti za magari (baba nilimpa saba, akarudia mara mbili kwa kutoniamini), baridi ya Mau ikituuma na harufu ya nyama ikitoka ndani. Mimi niliogopa kwelikweli. Moja tu ikiingia, nimempoteza Wambui kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ikabaki 997, na mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, kalamu haishikiki. Mara Wambui, ambaye kwa desturi hakupaswa hata kuonekana, akatokea nyuma ya shangazi na kikaratasi.

"Hiyo nimefanya mimi. Haiingii, inabaki kumi na mbili. Tata," akamwambia shangazi, "fungua, chakula inapoa."

Tukafunguliwa. Kujigamba sijaacha, ila nimeapa sitafungua mdomo tena kabla ya kufika mwisho wa hesabu, na jibu lenyewe kwanza bibi yangu alipitie.