Kesi ya Paka Mwenye Majina Mawili

Sie tuliokulia Tabata, kabla nyumba hazijaanza kuzungushiwa kuta, hatukuwa watu wa kununuliwa vitu vya kuchezea. Mpira ulikuwa wa makaratasi na mifuko, gari lilikuwa la makopo, na mdoli wangu alikuwa gunzi la hindi lililokuja na nywele zake mwenyewe. Mtoto wa leo ukimpa gunzi atakuuliza linachajiwa wapi. Na paka wetu naye alilelewa hivyohivyo.

Alikuwa dume la rangi ya majivu, kichwa kikubwa, na mwendo wa mtu aliyekuja kukagua. Baba yangu, mwalimu wa hesabu kutoka Upareni, alimwita Kamishna. Asubuhi alikunywa uji wa maziwa kwetu. Tukishaenda shule alipenya kwenye michongoma akaingia kwa jirani yetu Bi Zuhura, mama mtu mzima wa Kizaramo aliyekuwa akikaanga visheti vya kuuza. Huko alikula vichwa vya samaki na aliitwa Shababi. Sie tulijua, Bi Zuhura alijua, hakuna aliyelizungumza. Paka mwenyewe aliitika majina yote mawili, kutegemea saa ya chakula.

Alichezea chochote kilichoanguka. Kifuniko cha soda alikisukuma sakafuni mpaka mama akamsihi apumzike. Ndala ya baba ya kushoto aliikumbatia na kuipiga mateke. Ya kulia hakuigusa maisha yake yote. Na boksi la sabuni, ukiliweka tu chini, kabla miche haijaisha kutolewa, yeye keshaingia na kufumba macho.

Baba hilo lilimkera. Aliona ni aibu Kamishna mzima kulala kwenye boksi. Siku moja akaenda Keko kwa mafundi wa fanicha, akaagiza kitanda kidogo cha mninga, chenye ubao wa kichwani ulionakshiwa na godoro la kitambaa chekundu. Fundi alimuuliza, "Mwalimu, mtoto ana umri gani?" Baba, ambaye hakuwahi kudanganya hata kwenye mahudhurio, akajibu, "Anaelekea miaka miwili."

Kitanda kililetwa kimefungwa kwenye kiroba cha unga. Kamishna alikizunguka, akakinusa miguu yote minne, kisha akaenda kulala ndani ya kiroba. Baba alimhamishia kitandani mara kumi na moja. Najua, kwa sababu alikuwa akihesabu kwa sauti.

Basi, nikiwa na miaka tisa, Bi Zuhura akaja na sahani ya visheti iliyofunikwa kawa. Alikaa kibarazani, akavuta kanga yake vizuri, akasema, "Mwalimu, nahamia Temeke kwa binti yangu. Jumapili gari la mizigo linakuja. Na Shababi naondoka naye."

Mama alikuwa akichambua mchele. Akauweka ungo chini. "Shababi ndiye nani?"

"Mama Neema, usinifanyie hivyo."

"Yule ni Kamishna," baba akasema. "Anakunywa uji hapa kila asubuhi."

"Uji ni kifungua kinywa tu, Mwalimu. Mtu kwao ni pale anapokula mchana."

Hoja ile ilikuwa nzito. Mie nilianza kulia, na nilipoinua uso nikaona Bi Zuhura naye anafuta macho kwa pindo la kanga. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ni kweli mmoja wetu atabaki bila paka.

Shauri likapelekwa kwa mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Kibwana, mtu mkali aliyewahi kusuluhisha ugomvi wa mipaka, wa jogoo, na wa ndoa tatu. Yeye mwenyewe hakupenda paka kabisa. Alisema wanaangalia watu kama wanaowadai. Akatuita Jumamosi baada ya alasiri. Kila upande ulete kitu cha kumfurahisha paka, na paka achague mwenyewe.

Nilimwambia baba tubebe boksi la sabuni. "Mbele za watu?" akasema. "Wataniona sina uwezo." Akajitwika kile kitanda cha Keko kichwani, suti amevaa, tukakatisha mtaa mzima. Wasichana waliokuwa wakicheza rede waliacha mpira, wakasema shikamoo Mwalimu, wakatufuata. Tulipofika, Bi Zuhura naye alikuwa amekwenda Kariakoo. Alileta panya wa plastiki wa kutiwa ufunguo na kimpira chenye kengele ndani, vyote bado vimo kwenye nailoni zake.

Mzee Kibwana akatandika mkeka, akamweka paka katikati, akatazama umati. "Sikilizeni. Kitu atakachokilalia paka huyu, kwa mwenye kitu hicho ndipo kwao. Mwenye kitu ndiye mwenye paka. Nimesema, sirudii, na hakuna rufaa." Akaandika hivyohivyo kwenye karatasi, akagonga muhuri.

Bi Zuhura akatia ufunguo, akamwachia panya. Panya akakimbia kwa kelele, akagonga mguu wa kitanda, akapinduka, miguu inazunguka hewani. Paka alimtazama mpaka alipoisha nguvu, kama mtu aliyefika msibani kwa watu asiowajua. Kimpira cha kengele kikatikiswa, akajilamba bega. Baba akapapasa godoro jekundu na kuita, "Kamishna, njoo baba." Bi Zuhura akaita, "Shababi wangu!" Paka akapiga miayo.

Joto lilikuwa kali. Mzee Kibwana akavua kofia yake ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, ajifute jasho, akaiweka kichwachini juu ya mkeka. Kofia ile ilikuwa imeshavaliwa miaka mingi mno, imelegea, imekuwa ya kahawia pembeni. Paka alinyanyuka. Akainusa polepole, akaingiza mguu mmoja, wa pili, akazunguka mara tatu na kujikandamiza mpaka manyoya yakamwagika pande zote. Akalala.

"Mtoeni," Mzee Kibwana akasema.

"Mzee," Bi Zuhura akajibu taratibu, "si umegonga muhuri?"

"Shababi wako huyu! Kamishna wenu huyu!"

"Mwenye kitu ndiye mwenye paka," baba akasoma kwenye karatasi, kwa sauti ya darasani.

Mzee Kibwana alikuwa mtu wa neno lake. Alikwenda swala ya magharibi kichwa wazi, na paka akabaki kwake. Alipomaliza kukasirika, akampa jina la tatu, Mpangaji.

Jumapili Bi Zuhura alihama. Lakini kila Ijumaa alitoka Temeke na visheti kuja kumwona paka, nasi tulikuwa kwa Mzee Kibwana kila tukitoka shule. Alikuwa akituambia, "Wanangu, kiumbe huyu anataka kilichokaa na watu. Cha dukani kinanuka gundi." Kwa miaka sita, mpaka paka alipokufa kwa uzee, Bi Zuhura hakuwahi kuhama Tabata kweli.

Sasa naishi Kinyerezi, ndani ya geti. Binti yangu alimwagizia paka wetu, kwa simu, samaki anayejipinda na kuwaka taa. Paka anachezea vijiti vya pamba vya masikio. Binti amesikitika sana, anauliza kama samaki ana kasoro.

Mwezi uliopita paka mgeni, mweupe, aliingia uwani kwetu na kukaa siku tatu. Nikamkumbatia nikapita naye geti kwa geti kutafuta mwenyewe. Wawili hawakufungua. Kwenye geti la tatu, sauti ilitoka kwenye kile kisanduku cha ukutani: "Sista, sisi hatuna ishu. Kama ni wako chukua, kama si wako chukua pia." Ikakatika. Nilisimama pale juani na paka wa watu kifuani, nikitamani atoke mtu mmoja tu, hata na upawa mkononi, anikaripie kwamba yule paka ni wake na nisithubutu kwenda naye popote.