Doa la Cherehani

Tangu wamzike mkewe, fundi seremala alikula akiambiwa ale, akalala akiambiwa giza limeingia. Hakulia. Akipewa pole alijibu "nimeshapoa" kama mtu anayeitikia hodi.

Leo binti yake kaja kuichukua meza aliyoahidiwa.

"Ila iparue kwanza, baba. Imechujuka kama tambara la jikoni."

Meza ilikuwa ya mti wa mjozi. Mbao nyingi zikipigwa na jua huzidi kuiva rangi. Mjozi una ukaidi wake, wenyewe hupauka. Kwa hiyo pale dirishani meza ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, isipokuwa mraba mmoja katikati, mweusi kama kahawa iliyokaangwa. Hapo ndipo ilipokaa cherehani ya mama miaka yote. Cherehani aliichukua shangazi. Doa likabaki.

"Tuiache hivihivi," alisema fundi.

"Na wageni wakiuliza? Niseme niliunguza na sufuria?"

Hakuwa na nguvu za kubishana. Akainoa randa.

Mjozi haumchoshi fundi. Ni mgumu wa kubeba viwiko vya ukoo mzima, lakini randa ikiwa na makali unakubali, haupasuki ovyo. Maranda yakajiviringa, harufu yake ikajaa banda. Zamani harufu ile ilimpigisha mluzi. Leo pua ilinusa, basi. Akaanza pembeni, akalizunguka doa, akalizunguka tena.

"Baba, unaranda au unabembeleza mtoto?"

Akapitisha randa katikati. Mara ya pili mikono ikaendelea yenyewe, yeye hayupo, mpaka meza ikawa tambarare.

Binti akapuliza vumbi. "Haa! Doa limeenda wapi?"

Fundi akatazama. Kumbe iliyopauka ni ngozi ya juu tu. Ndani, meza nzima ilikuwa na rangi ya lile doa, ukingo hadi ukingo. Jambo hilo alilijua tangu uanagenzi, ila siku hizi lilikuwa limemtoka kama mengine yote. Akapapasa kwa kiganja, akitafuta cherehani ilikaa wapi. Hakupaona.

"Halijaenda," alisema. "Limeenea."

Binti akapitisha kidole juu ya ubao.

"Kwako dirisha linapata jua?"

"Asubuhi yote, baba."

"Basi weka kitu juu yake. Usikihamishe."

"Kitu gani?"

"Chochote unachokishika kila siku."

Akachukua ufagio, akaanza kuyakusanya maranda.