Giaboksi ya Jirani wa Roret

Mume wangu na mwenye duka mmoja wa Roret walinuniana mwaka mzima kwa sababu ya daraja. Lilikuwa daraja la magogo, la kupita gari moja tu. Alasiri moja ya mvua pikapu zao zilikutana pale katikati, pua kwa pua, na kila mmoja akakataa kurudi nyuma. Mume wangu alibeba majani ya chai, mwenzake viazi. Walikaa ndani ya magari hadi wachumaji waliokuwa wakirudi nyumbani wakawazomea. Mwishowe majani mabichi yalianza kupata joto kwenye magunia, na majani yakichemka kiwanda hakiyataki. Mume wangu akarudi nyuma. Hakulisahau.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini ikianza. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwenye duka huyo, jirani yetu, alikuwa ametoka upande wa katikati ya nchi, akafungua duka sokoni. Pikapu zao zilikuwa za aina moja, zote kijani.

Mvua za mwaka uliofuata giaboksi yetu ikafa. Kwanza ililia, kisha ikakataa gia ya pili, halafu ile giaboksi ndogo iliyo nyuma yake, ambayo mafundi huiita transfa na ndiyo hupeleka nguvu kwa magurudumu ya mbele, ikapasuka kwenye matope ya kilima chetu. Gari likasimama kando ya boma na kuku wakaanza kutaga juu ya kiti. Mume wangu alibeba majani mgongoni.

Haukupita muda tukasikia jirani amegongana na lori kule Kedowa. Alitoka na mkono uliovunjika. Pikapu yake ilipondeka uso wote, injini ikapasuka. Jumamosi moja asubuhi akaja kwetu kwa miguu, mkono umening'inizwa shingoni kwa leso ya mkewe.

“Mwalimu,” aliniambia mimi, maana mume wangu alikuwa amegeuka anatazama ng'ombe, “yangu imekufa mbele, yenu imekufa katikati. Chukueni giaboksi na transfa. Nyinyi mtanibebea viazi mpaka nipate gari lingine.”

“Mwambie sisi si watu wa kuombaomba,” mume wangu akasema, bado akitazama ng'ombe.

“Nani ameomba?” nikamjibu. “Amekuja mwenyewe. Mzee, karibu chai.”

Gari lililopondeka lililetwa juu ya lori, likawekwa kando ya letu. Fundi wa mashamba ya chai, mtu wa magharibi aliyeimba nyimbo za kanisa huku akifungua nati, alikuja siku yake ya mapumziko. Tuling'oa viti na sakafu, tukasimamisha miti mitatu ya mkaratusi, tukaning'iniza mnyororo. Giaboksi ya jirani ikatoka na transfa yake, nzito kama ndama.

Kuitoa hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuiingiza kwenye gari letu, baada ya kung'oa ile yetu iliyokufa. Shafti ilikataa kukaa kwenye klachi. Fundi, akiwa chini ya gari, akaamuru mume wangu asukume kutoka ndani na jirani azungushe injini kwa hendeli ya mbele, kwa ule mkono mzima.

“Kidogo,” mume wangu akasema.

“Hivi?”

“Kidogo tena. Ngoja. Rudisha.”

“Nirudishe mimi?” jirani akauliza.

Fundi, aliyejua habari za daraja, akaanza kucheka kule chini, na mume wangu, aliyekuwa amekumbatia giaboksi, akacheka hadi akashindwa kusukuma. Jirani akarudisha hendeli kidogo. Shafti ikaingia.

Zikabaki nati mbili za juu, mahali ambapo mkono wa mwanaume haupiti. Nilivaa suruali ya mume wangu, nikalala kifudifudi juu ya fremu, nikazikaza kwa kupapasa tu. Mama mkwe alipita na maziwa, akaona miguu yangu ndani ya suruali, akasimama.

“Huyo ni nani?”

“Ni mwalimu,” jirani akamjibu.

Mama mkwe akatikisa kichwa, akaenda zake. Baadaye alituletea mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kibuyu kizima, na mimi akanimiminia wa kwanza.

Jioni hiyo gari lilipanda kilima chetu bila kulia. Tulibeba viazi vya jirani hadi alipopata gari lingine, na hata baadaye, siku za soko la Ndanai, alikuja kwetu kupanda letu. Tulijibana watatu mbele, mimi katikati, gia zikinigonga magoti, na wao wawili wakibishana njia nzima jinsi ya kulima viazi. Niliwaambia wanyamaze, nami sikutaka wanyamaze.