Nyumba Saba za Mtaa wa Kisimani

Msinitukane kabla sijamaliza. Nikimaliza, tukaneni tu, nastahili.

Bibi Chausiku alitolewa kwenye nyumba aliyokaa miaka hamsini, na ushahidi uliomwangusha ni sauti yake mwenyewe. Aliyemrekodi ni mimi, Kaleb.

Iko hivi.

Nina ukurasa wa historia ya mtaa wetu, Kisimani, hapa Handeni mjini. Mtaa mkongwe. Ukoo wa Mhina ndio ulioanza kukaa hapa, ukawapa viwanja waliokuja nyuma. Karatasi? Karatasi gani! Lilikuwa neno la mdomo mbele ya wazee, basi.

Ndiyo maana kuna adabu moja mtaani kwetu. Ukimuuliza aliyekuja nyuma nyumba ni ya nani, hasemi yangu. Anasema, "Ya kina Mhina, sisi wageni tu." Ni shukrani. Kila mtu anajua nyumba ni yake.

Nikapita nyumba saba siku moja na simu yangu. Nikaanzia kwa Bibi Chausiku.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, nyumba hii ya nani?"

Akacheka, akaweka sawa mtandio. "Ya kina Mhina, mwanangu. Sisi wageni tu."

Halafu akaeleza yote: mzee Mhina alivyompa kiwanja marehemu mumewe, walivyopanda minyaa mpakani, majina ya mashahidi, wote marehemu. Dakika kumi na nne.

Nani ana bando la dakika kumi na nne? Nikabakiza sekunde ishirini tamu. Nyingine nikafuta, simu ilikuwa imejaa. Nyumba zote saba nikazifanya hivyo hivyo, nikaposti.

Ya bibi ikatazamwa na watu elfu arobaini! Nikawa natembea kifua mbele, najiona profesa.

Mama akanionya. "Kaleb, maneno ya kibarazani yaishie kibarazani."

"Mama, umepitwa na wakati," nikamjibu. Mjinga mimi.

Wiki ya tatu akaja Jabiri, mjukuu wa Mhina. Kazaliwa Dar, kakulia Dar. Akanikumbatia. "Mgosi, umeua! Umetunza historia ya babu."

Kumbe kashafungua kesi kwenye baraza la ardhi, anadai nyumba ya Bibi Chausiku.

Barazani wakacheza video. Mwenyekiti akauliza, "Bibi, haya maneno ni yako?"

Moyoni nikamwomba: kana, bibi! Sema si wewe!

"Ni yangu," akasema. "Mtu hamkani aliyemkaribisha."

Nikasimama, nikasema ile ilikuwa adabu tu, kuna sehemu nyingine ameeleza yote.

"Ilete," mwenyekiti akasema.

Ningeitoa wapi?

Walimtoa Jumanne. Godoro, sufuria tatu, kuku mmoja. Akaniita, nikajua ananilaani. Heri angenilaani.

"Mwanangu," akasema, "waambie wale watu wa kwenye simu yako kwamba sikuiba."

Akaenda kwa mdogo wake Mombo. Kabla mahindi hayajakomaa, tukaletewa habari ya msiba wake.

Nikafuta kila kitu kwenye ukurasa. Nikamtumia Jabiri matusi mpaka vidole vikachoka. Akajibu kwa upole kabisa.

"Usijali kaka. Nilishazihifadhi. Zote saba ninazo."

Zote saba.

Nyumba ya saba ni yetu. Mama yangu, Hilaria, aliyekuja na baba kutoka Lushoto, anacheka kwenye hiyo video, na sauti yangu inamuuliza, "Mama, nyumba hii ya nani?"

Jana umeletwa wito. Nimempigia mama magoti. Nimemwambia, wakikuuliza, kataa, sema nilikulazimisha.

Akaniangalia kama hanijui. "Nimkane mzee Mhina, Kaleb? Alitupokea tukiwa na mvua mgongoni."

Mnataka funzo? Ukichukua neno la mzee, lichukue lote. Mimi nilichukua sekunde ishirini, na Alhamisi mama yangu anakwenda barazani kuzijibu.