Siku Kumi na Sita za Kungojea Unyayo

Saa moja na robo asubuhi, chumba namba tatu cha kituo cha afya. Fundi lipu amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mkononi.

"Na hicho kiatu kingine," anaambiwa.

"Ugonjwa uko mguu wa kulia, Mama."

"Na huo wa kushoto umekuja na nani?"

Mkewe, aliyenuna tangu mlangoni, anacheka kidogo kisha anakumbuka kununa.

Anayeamuru viatu vivuliwe ni tabibu wa ngozi mwenye miaka hamsini na mmoja. Wagonjwa humwita Mama Lenzi, kwa kioo cha kukuzia anachokining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Kazi yake ni vinundu, hasa vile vinavyoota mahali pasipotarajiwa: kitovuni, ndani ya sikio, ukingoni mwa kope.

"Kinundu kikiota mgongoni, mtu anakisahau," anasema. "Kikiota chini ya kucha, anaita ndugu awaage."

Katika daftari lake ameorodhesha vinundu 212 vya namna hiyo. 198 havikuwa na madhara yoyote. Cha kwanza amekizungushia wino mwekundu.

Kilikuwa cha mwanamke fundi wa kudarizi, miaka kumi na mmoja iliyopita. Kinyama chekundu chini ya kucha ya kidole cha shahada, kikiguswa kinavuja damu. Nje kulikuwa na foleni ya watu arobaini. Mama Lenzi aliangalia mara moja, akaogopa, akaandika kwamba ni saratani. Hakutoa kipande kipimwe kwanza. Daktari wa upasuaji aliyaamini maandishi yake, na kidole kikakatwa.

Kidole chenyewe ndicho kilichopelekwa maabara. Majibu yakaja: mishipa midogo ya damu iliyojikusanya, pengine baada ya kuchomwa na sindano ya kazi. Kingekwanguliwa kwa dakika kumi.

"Kingekuwa shavuni ningekijua papo hapo. Mahali ndipo paliponidanganya." Anaitazama kalamu ya mwandishi. "Hapana, hilo lifute. Nilijidanganya mwenyewe."

Alimfuata yule fundi nyumbani kwake mara tatu kuomba samahani.

"Mara ya tatu akaniuliza, 'Hiyo samahani yako, dada, inaweza kushika sindano?' Sikwenda tena."

Fundi huyo sasa anauza vitambaa vilivyodariziwa na wengine. Mama Lenzi akilikaribia duka lake, huvuka barabara.

Tangu hapo, kwake hakuna anayekatwa kabla kipande kidogo kama punje ya mchele hakijaenda hospitali kuu na kurudi na majibu. Cha fundi lipu, kilichotolewa kwenye kinundu chekundu cha unyayoni, kimechukua siku kumi na sita.

Leo bahasha imefika. Mama Lenzi anasoma mara mbili ndipo anaposema: ni uvimbe wa tezi za jasho. Si saratani. Utaondolewa kwa mkato mdogo, mguu unabaki.

Fundi anajifunika uso kwa soksi. Mkewe analia, kisha hasira zinampanda.

"Siku kumi na sita unatuzungusha! Mume wangu amewaaga watoto mmoja mmoja, kumbe jasho!"

Alikwisha kushtaki kwa mganga mkuu wa kituo, ambaye sasa amesimama mlangoni. "Mama, waombe radhi basi, yaishe."

Mama Lenzi ana ombi lake pia. Ameandika barua nne akitaka hadubini ya kupimia vipande na mtu wa kuitumia hapa hapa kituoni, ili siku kumi na sita ziwe mbili. Mganga mkuu anazo zote mezani kwake.

Mama Lenzi ameinamia miguu ya fundi na kioo chake, anakagua vidole kimoja kimoja, mpaka cha kumi.

"Pole nawapa, mwanangu, hata ukitaka debe zima," anamwambia yule mke. "Lakini samahani, hapana. Siombi."